Nyimbo Zilizopoteza Majina

"Dada, hiki katupe tu," alisema fundi simu, akakisukuma kile kidude kwa ncha ya bisibisi kana kwamba ni mende aliyekufa juu ya meza yake. "Kompyuta inakiona, ila haikielewi. Labda nikifomati."

"Ukifomati, nyimbo zitabaki?"

"Kitabaki kidude. Nyimbo ndiyo kwaheri."

Dada huyo, Kinanda, alikinyakua haraka, akakifumbata kiganjani. Kilikuwa kidude cha kuchezea muziki, kidogo kama kiberiti, rangi yake ya fedha imechujuka pembeni kwa kushikwashikwa. Kwa siku nne sasa kilikuwa kimekufa, na kwa siku nne baba yake alikuwa amegeukia ukutani, hali mpaka abembelezwe, wala hataki kunyoosha ule mkono wa kulia uliopooza kwa kiharusi. Miezi minane alikuwa akinyoosha na kukunja vidole kwa mapigo ya nyimbo zile, hedifoni masikioni, macho yamefumbwa. Muziki ulipokatika, naye alikatika.

"Hakuna mwingine anayeweza?" aliuliza, na sauti ikamtoka ya kuomba kuliko alivyotaka.

Fundi simu alikuna kichwa. "Kuna jamaa amehamia juu ya duka la vioo, mwezi wa pili huu. Yeye ana subira ya kichaa. Mjaribu."

Kinanda alipanda ngazi za duka la vioo akiwa bado na kitambulisho cha kazi shingoni. Alikuwa mkutubi wa maktaba ya shule, mwanamke wa miaka thelathini na saba, mpole wa maneno, ambaye wanafunzi walimwogopa kwa kunyamaza kwake kuliko walivyowaogopa walimu wengine kwa kelele zao. Jina la Kinanda alipewa na baba yake siku aliyozaliwa, kwa jinsi alivyolia, na likamganda hata alipokua mtu asiyesikika.

Chumba cha juu kilikuwa kidogo na safi. Redio za zamani zimepangwa rafuni, nyaya zimekunjwa moja moja na kufungwa kwa uzi. Fundi aliinama mezani, lenzi ya kukuzia imebanwa jichoni, akiunganisha kitu kisichoonekana. Hakuinua kichwa.

"Karibu. Weka hapo, nakuja."

Alikiweka. Mkono wa fundi ulikuja wenyewe, ukakichukua, ukakigeuza. Kidole gumba kikapita mgongoni mwa kile kidude na kusimama penye mkwaruzo mdogo wa herufi moja. Pasi ya kuchomea nyaya ikarudishwa kwenye kishikio chake, taratibu mno.

"Hiki," alisema bado ameinama, "alikupa nani?"

Kinanda alikuwa ameshamjua kwa ule mkono.

"Wewe," alisema.

Ndipo akainua kichwa. Akatoa lenzi, na jicho lake likabaki na alama ya duara, likapepesa. Nywele zilikuwa zimeanza mvi juu ya masikio. Mwili ulikuwa umejaa kidogo. Asingeitwa tena Waya na mtu asiyemjua zamani. Lakini macho yalikuwa yale yale, ya mtu anayesikiliza hata wewe hujasema kitu.

"Kinanda," alisema.

"Waya."

Chini, dukani, kisu cha kukatia kioo kilipita na mlio mrefu mwembamba, na kila mmoja akaushukuru ule mlio kwa kuwapa kitu cha kusikiliza.

"Sikujua umerudi," alisema Kinanda.

"Sikutangaza. Nimerudi tu, kama mtu anavyorudi." Alivuta kiti. "Kaa basi. Kimefanya nini?"

"Kimezimika. Yule fundi simu anasema afomati."

"Yule angefomati hata bibi yake." Alisema hivyo kwa uso mkavu, na Kinanda akacheka kabla hajajizuia. Kicheko chenyewe kilimshtua. Kilikuwa cha zamani, kama nguo uliyodhani imekubana kumbe bado inakuenea. "Ulikuwa unakisikiliza kila siku? Betri imevimba mpaka imekaribia kupasuka."

"Si mimi." Aliinamisha macho. "Ni Baba."

Waya alikiweka kile kidude mezani.

"Baba. Yule yule?"

"Nina mwingine gani? Alipata kiharusi. Mwuguzi wa mazoezi alisema atafutiwe muziki wenye mapigo. Nyumbani hapakuwa na kingine. Nikatoa hiki sandukuni. Sikumwambia kimetoka wapi."

Waya alitazama dirishani muda mrefu, na Kinanda hakuhitaji kuuliza anachokitazama, kwa sababu naye alikuwa akikitazama hicho hicho.

Miaka kumi na mmoja nyuma, Waya alikuwa kijana wa kutengeneza redio barazani, na Kinanda ni mwanachuo aliyekuwa akikata kwa makusudi waya wa redio yake ili apate sababu ya kupita pale. Siku moja kabla ya kuja kuposa, Waya alimpa kidude hiki, akamwambia, "Usikisikilize kwanza. Ngoja nitoke kwenu na jibu." Kesho yake akaja na mjomba wake, mashati yamepigwa pasi, na Baba, mpima ardhi aliyeheshimika, ambaye kwake kila kitu kilikuwa na mpaka, hakuwakaribisha hata kiti. Aliwasimamisha uani. Alisema maneno machache tu, na mtaa mzima uliyarudia kwa mwaka mzima: "Binti yangu si redio, kwamba akiharibika utamfungua kwa bisibisi." Mwezi ule ule Waya alihama. Kinanda hakukisikiliza kidude. Hakuwahi, hata siku moja.

"Njoo kesho saa kumi," Waya alisema mwishowe. "Sikuahidi kitu. Kwanza nitanakili kumbukumbu yote, nzima na mbovu, kabla sijaigusa. Kisha nitatafuta kwenye nakala. Cha mgonjwa hakijaribiwi jaribiwi."

*

Nyumbani, Shangazi alimtazama mara moja tu kutoka kwenye sinia la mchele aliokuwa akiuchagua. Alikuwa dada mkubwa wa Baba, aliyekuja kusaidia kuuguza kwa wiki mbili na sasa ana miezi minane.

"Umetoka wapi na uso huo?"

"Kwa fundi, Shangazi."

"Fundi gani anayempaka mtu rangi mashavuni?" Kinanda aliinama kuvua viatu. Shangazi aliacha mchele. "Usiniambie ni yule. Watu waliniambia wamemwona, nikasema watu waongo."

"Anatengeneza kidude cha Baba. Basi."

"Mwanangu, nisikilize. Jumapili Mkandarasi anakuja. Mtu mzima, amefiwa na mkewe, anakutaka kwa heshima, ana nyumba yenye milango sita. Wewe hukui kwenda chini. Ya kale yalishakufa, usiyafukue na baba yako yuko katika hali hii. Unataka kummaliza?"

Kinanda aliingia chumbani kwa Baba. Mzee alikuwa amelala, ameupa mlango mgongo. Mkono wa kulia umetupwa juu ya shuka kama kitu kisicho na mwenyewe.

"Baba, kesho huenda kikapona," alimnong'oneza.

Mgongo haukutikisika. Ila sikio, alikuwa na hakika, lilikuwa macho.

*

Kesho yake saa kumi haikungojwa. Kinanda alifika saa tisa na nusu. Waya alikuwa amenyoa ndevu. Wote waliliona jambo hilo na wote walijifanya hawakuliona.

"Zimerudi," alisema. "Karibu zote. Kumi na tatu hivi zimekatika katikati, nyingine nzima. Ila majina yamepotea. Zimetoka na namba tu, kama wafungwa. Nimekesha... nimekaa nazo asubuhi yote naziandika upya." Akamwonyesha karatasi yenye mwandiko wake wa kuegemea kushoto. "Kompyuta yangu haina spika, na hawa wa vioo wana kelele. Itabidi tugawane hizi."

Akampa upande mmoja wa hedifoni. Waya wa hedifoni ulikuwa mfupi. Ilibidi wakae bega kwa bega, na Kinanda akasikia harufu ya sabuni na ya risasi ya kuchomea nyaya, akawa na miaka ishirini na sita papo hapo, bila ruhusa ya mtu.

Wimbo wa kwanza haukuanza na muziki. Ulianza na mkwaruzo, halafu sauti ya kijana, nyembamba, yenye haraka ya furaha: "Huu nimeurekodi kutoka kwenye santuri ya mjomba. Kinanda, sikiliza tarumbeta inavyoingia. Inaingia kama mtu aliyechelewa arusini."

Kinanda aligeuka. Waya alikuwa mwekundu wa macho.

"Ulizungumza ndani?"

"Kila wimbo. Nilikuwa mjinga, nina muda." Akajaribu kutabasamu. "Hukuwahi kusikiliza?"

"Uliniambia ningoje jibu."

Tarumbeta iliingia, imechelewa kweli, imejaa visingizio. Wakasikiliza wa pili, wa tatu. Kijana yule ndani ya kidude hakuchoka: huu tulicheza ile siku ya mvua, ukapoteza kiatu; huu mpigaji gitaa anakosea dakika ya pili, lakini usimwambie mtu; huu nitauimba mwenyewe, samahani mapema. Na aliuimba, vibaya sana, mpaka Kinanda akaziba uso kwa mikono yote miwili, asijue anacheka au analia.

"Zima," alisema. "Zima kidogo."

Alizima.

"Kwa nini hukuniandikia?" Kinanda aliuliza, na swali lilipotoka alijua limekaa kooni miaka kumi na mmoja. "Ulihama kama mtu aliyevunja sahani. Hata kuniaga?"

"Nikuage wapi? Uani?" Sauti ya Waya haikupanda, na hiyo ndiyo iliyouma. "Siku ile ulikuwa nyuma ya pazia. Niliona vidole vya miguu yako. Baba yako alinisema, mjomba wangu akasemwa, mzee wa watu, na mimi natazama vile vidole tu. Najiambia, akisogea hatua moja, nitavumilia yote. Hatua moja, Kinanda. Havikusogea."

Kinanda alifungua mdomo kujitetea. Alikuwa nao utetezi, ameupanga vizuri kwa miaka: alikuwa mdogo, mama alikuwa amefariki mwaka ule, Baba hakuwa na mtu. Yote yalikuwa kweli. Lakini alimtazama mtu huyu mwenye mvi juu ya masikio, akaona hayo si anayodaiwa.

"Niliogopa," alisema. "Sina jingine. Niliogopa, na nikakuacha pale umesimama. Nisamehe."

Waya alikuna kucha yake. "Nilioa," alisema kama mtu anayerudisha ukweli kwa ukweli. "Huko nilikokwenda. Miaka mitatu. Alikuwa mtu mwema, tukashindwana tu, kila mtu akashika njia yake. Sikukungoja. Sitaki nikuongopee kwamba nilikungoja."

"Sijasema uliningoja."

"Lakini kila nikitengeneza redio na ikawaka, ilikuwa nataka kukwambia wewe." Alisema hilo kwa karaha, kama anamlaumu mtu. Halafu akajikohoza, akavuta kompyuta. "Kuna jambo jingine. Humu kuna rekodi ishirini na mbili ambazo si nyimbo zangu. Kina kitufe cha kurekodi hiki, unajua. Nimesikiliza sekunde mbili za ya kwanza, nikaona ni sauti ya mtu, nikaacha. Si zangu kuzisikiliza."

"Za nani?"

"Nadhani za Mzee."

Wakarudisha hedifoni masikioni. Kwanza ukimya wa chumba, saa ya ukutani ya nyumbani kwao ikigonga. Kisha pumzi nzito. Kisha sauti ya Baba, ile sauti mpya iliyovunjika, ikipanda neno kama mtu anayepanda ngazi na mzigo:

"Ma... ma-ji. Maji. Ch... chai. Ki... Ki-na... Kinanda. Kinanda."

Kinanda aliuma mdomo. Nyumbani Baba hasemi. Huonyesha kwa kidole, hukasirika, hunyamaza. Kumbe mchana, wao wakimdhania anasikiliza muziki, alikuwa akijifunza kuongea upya, peke yake, asionekane akishindwa. Rekodi ya tano, ya tisa, maneno yakiongezeka. Ya kumi na nne ilikuwa ya neno moja tu.

"Ma... mara... ha. Ma-ra-ha. Aah!" Kitu kikagongwa. Kimya. Tena: "Mara-ha-ba. Marahaba." Na ya kumi na tano hivyo hivyo. Na ya kumi na sita.

"Mbona anang'ang'ania hili?" Kinanda alinong'ona. "Nani anayemwamkia siku hizi? Ni mimi na jirani tu, na sisi hutuitikia kwa kichwa."

Waya alikuwa ameweka mikono yote miwili mezani, imetulia kama ya mtu anayepimwa. Rekodi ya ishirini na mbili, ya mwisho, ilianza.

"Marahaba," ilisema sauti ya Baba, sasa karibu nzima. Pumzi. "Marahaba... Wa... Wa-ya. Marahaba, Waya."

Ikaisha.

Kisu cha kioo kilipita chini. Waya alivua hedifoni, akasimama, akaenda dirishani, akampa mgongo.

"Siku ile," alisema kwa shida, "nilimwamkia mara tatu. Hakuitikia hata moja."

Kinanda naye alisimama. Alijua sasa: kila alasiri, kwa miezi minane, Baba alikuwa amelala na sauti ya kijana yule masikioni, ikimwelekeza binti yake penye tarumbeta.

"Twende nyumbani," alisema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla sijaogopa."

*

Shangazi aliwaona tangu getini. Alisimama mlangoni, amejaza mlango wote.

"Hapa kuna mgonjwa," alisema. "Vifaa vinaletwa, vinapokelewa mlangoni, mleta anashukuriwa."

"Shikamoo, Shangazi," alisema Waya.

"Marahaba, kwaheri."

"Shangazi," alisema Kinanda. Hakupaza sauti. Ilikuwa ile sauti ya maktaba, inayofanya hata kiti kiache kukwaruza. "Huyu ni mgeni wangu. Tupishe, tafadhali."

Shangazi alimtazama mtoto wa ndugu yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akasogea. Si sana, lakini akasogea.

Baba alikuwa amekalishwa kwenye kiti kando ya kitanda, blanketi magotini, anatazama ukuta. Waya aliingia, akasimama hatua mbili mbele yake, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee aligeuza shingo. Alimtambua; macho yalijaa kabla mdomo haujafunguka. Midomo ikaanza kazi. Ikakwama. Mshipa ukamsimama kipajini.

"Anasema..." Shangazi alianza.

"Mwache, Shangazi," alisema Waya kwa upole. "Mimi sina haraka."

Wakangoja. Kinanda hakujua ni dakika ngapi. Alimwona baba yake, mtu aliyepima mashamba ya watu na kuweka mawe ya mipaka bila kutetemeka, akitetemeka kwa neno moja.

"Ma-ra... ha-ba," alisema. Akavuta pumzi. Mkono wa kulia, ule mfu, ukasogea juu ya blanketi kuelekea kwa mgeni, kipande kidogo, kwa tabu. "Ki-la... siku. Na... na-kusiki-liza."

Waya alipiga magoti, akaupokea ule mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa. Shangazi alijifanya anatafuta leso dirishani.

Baadaye, Mzee aliporudishiwa muziki wake kupitia kidude kingine alicholetewa na Waya badala ya kile chenye betri iliyovimba, akalala akichezesha kidole gumba, Shangazi alimvuta Kinanda jikoni.

"Na Jumapili je? Nimwambie nini Mkandarasi?"

"Mwambie ukweli, Shangazi. Kwamba ni mtu mwema, na mimi sitaki. Ukiona vigumu, nipe namba yake, nitamwambia mwenyewe."

"Haya makubwa," alinung'unika Shangazi. Lakini alitenga vikombe vitano badala ya vitatu, ingawa hawakuwa watu watano, kwa kuchanganyikiwa.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa Kinanda alipomsindikiza Waya. Walitembea taratibu, mabega yakigusana na kuachana. Penye kona ya barabara Waya alisimama.

"Mimi si yule wa ndani ya kidude," alisema. "Yule alikuwa na maneno mengi. Nimekuwa mzito, napenda kunyamaza, na kichwa kinaniuma mvua ikitaka kunyesha."

"Na mimi nimekuwa mkali. Waulize wanafunzi."

"Nimekuona mlangoni. Nilitaka kusogea hata mimi." Akacheka kidogo, kisha uso ukatulia. "Kinanda. Mjomba wangu alishafariki. Nikitaka kuja tena kwenu, kuja kwa lile neno, sijui nimtangulize nani."

Kinanda alimtazama. Alikuwa amewaza kwamba akifika hapa moyo utamwenda mbio, kama zamani. Haukwenda mbio. Ulikaa mahali pake, mzito na wa moto, na ulijua unachotaka.

"Usimtangulize mtu," alisema. "Njoo mwenyewe, uniulize mimi. Nitakujibu mimi."

"Lini?"

"Unaniuliza lini, na mimi nimesimama mbele yako?"

Waya alitazama barabara: mwanamke akianika nguo, paka ukutani, lori la mchanga likirudi nyuma kwa kelele zake zote. Akamshika mkono, pale pale, mchana kweupe, na akauliza.